Nusu Nyingine Iko Wapi?

Wa kwanza kuniambia alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alirudi na baba mkwe kutoka kliniki saa saba mchana, akamsubiri aingie chumbani kulala, ndipo akanivuta jikoni. Alisema vidonge vya baba vimehesabiwa mbele yake na hesabu imetimia. Mwezi uliopita walimpa kumi na tano, na vyote kumi na tano vimekwisha kwa siku zake. Lakini presha yake leo imepanda kuliko mara zote. Daktari amesema kiharusi cha kwanza kilichukua mkono wa kulia tu, cha pili hakitaridhika na mkono. Halafu wifi akatazama sufuria zangu, akasema, "Vidonge havina miguu. Kama havimo tumboni mwa baba, kuna mahali viliko." Hakusema kuwa ni mimi. Hakuwa na haja ya kusema. Mume wangu anafanya kazi mbali, huja mwisho wa mwezi. Anayekaa na baba ni mimi.

Baba mkwe ni fundi saa. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba yetu, na mbele yake kuna benchi refu alilowatengenezea wateja wa kusubiri saa zao. Tangu augue, miezi minne sasa, kibanda kimefungwa. Waliozoea kusubiri wameendelea kusubiri, ingawa hakuna saa inayotengenezwa. Mimi nawauzia kahawa pale, mtoto akiwa mapajani. Wa kudumu ni watatu. Spana anatengeneza baiskeli ng'ambo ya njia. Kinyozi ana kiti kimoja na kioo kimoja, na anavilinda vyote viwili akiwa amekaa kwenye benchi letu. Redio alikuwa tarishi wa mahakama, sasa amestaafu, na barua alizokuwa akipeleka kwa mkono siku hizi anazipeleka kwa mdomo. Wao humwita baba mkwe Dakika. Mimi nakaa pembeni kwenye kigoda changu. Namimina kahawa, maneno nawaachia wenyewe.

Siku hiyo wifi alipoondoka alisimama benchini, akawaeleza yote, tena kwa sauti, ili nami nisikie mara ya pili.

Hakuwa hata amepinda kona, Redio akaweka kikombe chini.

— Jibu ninalo. Dakika anasahau.

— Anasahau nini? akauliza Spana.

— Dawa. Kiharusi kinatoboa kumbukumbu. Leo anasahau kidogo, kesho kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo presha imejaa.

— Wewe! Huyu mtu alikuwa akiitazama saa yako ikiwa mkononi mwako, hajaishika, anakwambia inachelewa dakika nne. Ndiye atakayesahau saa moja ya asubuhi?

— Maradhi hayachagui.

— Haya yamechagua mkono. Halafu umesikia, vidonge vimetimia. Angesahau vingebaki. Vimebaki?

— Havijabaki.

— Basi jibu lako lirudishe ulikolitoa.

Kinyozi alikuwa akipuliza kahawa yake bila haraka. Yeye husema wa pili kila siku, kwa sababu anapenda mtu wa kwanza aanguke ili apite juu yake.

— Tatizo ni vidonge vyenyewe. Bandia. Ile ni chaki.

— Chaki gani?

— Ya ubaoni. Wanaisaga, wanaipiga muhuri, wanaifunga kwenye pakiti. Nimeona kwa macho yangu.

— Wapi?

— Kwa mtu aliyeona.

— Basi hayo ni macho yake, akasema Spana. Ya kwako yalikuwa kwenye benchi hili.

— Na mimi nakunywa vidonge hivyo hivyo, akasema Redio, kutoka dirisha lile lile. Mbona mimi mzima?

— Wewe umeishi na makaratasi miaka thelathini. Hata chaki inakufaa.

Walicheka, kisha wakatazama dirisha la chumba cha baba. Walikuwa wamesahau kwamba amelala karibu.

— Mkwe wetu, Spana akaniita kwa sauti ya chini. Hebu tusomee hiyo bahasha ya dawa. Wewe una macho na kusoma unajua.

Bahasha niliijua ilipo. Kila asubuhi naiweka kwenye stuli iliyo mlangoni pa baba, pamoja na chai na bilauri ya maji, nakohoa kidogo ili ajue, naondoka. Niliileta nikasoma kama ilivyoandikwa: nusu kidonge, mara moja kwa siku, asubuhi.

— Nusu? akasema Kinyozi. Mzee mzima mwenye wajukuu anapewa nusu?

— Nusu shari kuliko shari kamili, akasema Redio.

— Hiyo methali imeingiaje hapa?

— Imeingia kwa mlango wa nusu. Unataka iingie kwa mlango gani?

— Ngojeni, akasema Kinyozi, na sasa hakuwa akitania. Kuna jambo mimi nimeliona. Siku moja Dakika anatoka hapa nje anasinzia. Kichwa kinamwanguka, namsemesha hanijibu. Kesho yake yuko macho, uso mwekundu, anagombana hata na nzi. Keshokutwa anasinzia tena.

— Kama saa mbovu, akasema Spana. Leo inachelewa, kesho inawahi.

— Ndiyo hivyo.

Wakati huo alikuja mwanamke mmoja akikokota baiskeli, mnyororo umechomoka, mkoba wa turubai begani. Alisalimia, akauliza fundi baiskeli ni nani. Spana akanyanyua kidole.

— Ni mimi, mama. Kaa kidogo. Kuna jambo la mgonjwa tunalimaliza, halafu nakuwekea mnyororo.

— Linachukua muda?

— Linategemea na Redio.

Mwanamke alikaa mwisho wa benchi, akanunua kahawa kwangu, akamchekea mtoto wangu. Alikuwa wa umri wa wifi yangu, lakini macho yake hayakutazama sufuria za mtu.

— Mimi nawaambia kwa ufundi, akaendelea Spana. Kiharusi kimeziba upande wa kulia, sivyo? Mkono wa kulia, mguu wa kulia kidogo. Sasa mtu akimeza dawa amekaa wima, dawa inateremka inafika njia panda. Kulia barabara imefungwa. Dawa inasimama pale. Ni sawa na tyubu iliyokunjika ndani ya tairi. Unapiga pampu mpaka jasho linakutoka, upepo hauzunguki.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo ameze akiwa amelalia ubavu wa kushoto. Dawa ipite njia nzima.

— Na chai nayo? akauliza Kinyozi. Chai inapitaje kulia?

— Chai ni maji. Maji hayana njia.

Redio alitikisa kichwa kama hakimu aliyesikia shahidi mlevi.

— Nyote mnazunguka mwili. Kiini kiko ndani ya kibanda hiki. Dakika amekaa miaka arobaini katikati ya saa. Ukutani saa, mezani saa, mfukoni saa. Zote zinapiga. Moyo wake ukajifunza kufuata saa, kama mtoto anayefuata wimbo darasani. Haya, kibanda kikafungwa. Saa zikakosa wa kuzitia ufunguo, zikasimama moja moja. Moyo sasa unamfuata nani?

Nami nilikumbuka kwamba saa ya mwisho kusimama ndani ya kibanda nilikuwa nikiisikia usiku kupitia ukutani, na siku iliposimama nilishindwa kulala.

— Kwa hiyo dawa yake ni saa, akamaliza Redio. Tukizitia ufunguo zote siku moja, presha itakaa kwenye mstari. Dawa ya moto ni moto.

— Ungeanza na hilo tusingekucheka, akasema Spana.

— Bado kuna nywele, akasema Kinyozi.

— Nywele?

— Dakika hajanyoa wiki tatu. Joto la kichwa litatokea wapi? Likikosa pa kutokea linarudi chini, linaisukuma damu. Aje pale kwenye kiti nimpunguze...

— Hiyo si sababu, hilo ni tangazo la biashara!

Walicheka tena, Redio mpaka akakohoa. Mwanamke wa baiskeli naye alicheka. Kisha akaweka kikombe chake kwenye sinia langu, taratibu, akauliza kama mtu anayeuliza njia.

— Samahani, kaka zangu. Kama kila siku anakunywa nusu, ile nusu nyingine huwa anaiweka wapi?

Spana alimtazama Kinyozi. Kinyozi alimtazama Redio. Redio akanywa kahawa ambayo haikuwamo kikombeni.

— Iko... akasema Spana. Mkwe wetu, iko wapi?

Mimi ndiye ninayefagia chumba kile. Najua kofia yake inapolala, najua lenzi yake ya jicho iko ndani ya soksi, najua stuli ina mguu mmoja mfupi na amewekea gazeti. Nilifagia chumba kile chote tena kichwani mwangu, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, juu ya dirisha. Palikuwa na kitu kimoja tu. Wiki ile ya kwanza alipotoka hospitali nilikuta unga mweupe ukingoni mwa meza yake. Nilidhani ni ule unga anaosugulia vioo vya saa, nikaufuta kwa kitambaa.

— Sijawahi kuiona, nikasema.

Nadhani ni mara ya kwanza watu wale kunisikia nikisema jambo lisilohusu sukari. Spana akanyoosha kikombe chake ili apate pa kuweka mkono, nikainamisha chupa, likatoka tone moja. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Ndiyo nyumba yenyewe hii? akaniuliza yule mwanamke. Ya fundi saa?

— Ndiyo.

— Basi nimefika. Nimetoka hospitali, kitengo cha tiba ya kazi. Wameniambia nije nimwone nyumbani.

— Tiba ya kazi? akasema Spana. Mama, mimi kazi ndiyo inayonitia ugonjwa.

— Mtu akipata kiharusi tunamsaidia aweze tena shughuli zake. Kufunga vifungo, kushika kijiko, kujipikia chai. Na kunywa dawa ni shughuli kama hizo. Ina mikono, ina macho, ina saa yake.

Nilikwenda kugonga kwa baba. Alikuwa ameshaamka, amekaa kitandani, shuka limefunika miguu na mkono wa kulia. Nikamkaribisha mgeni kiti, nikaenda kuleta maji ya kunywa. Niliporudi niliona kupitia dirishani kwamba benchi limesogea hatua tatu kuja ukutani, na hakuna aliyekuwa amelisogeza.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Umeniletea dawa nyingine?

— Hapana. Nimekuja kuona unavyokunywa hiyo uliyonayo.

— Kunywa dawa nako kuna kutazamwa?

— Kwangu kuna. Mimi siulizi mtu kama anakunywa dawa, kwa sababu wote hunijibu ndiyo. Namwomba anionyeshe.

Baba alimtazama, kisha akachukua pakiti kwa mkono wa kushoto. Aliibana kati ya goti na ukingo wa kitanda, akasukuma kwa kidole gumba, kidonge kikachomoka kikaangukia kwenye kiganja. Kidogo, cheupe, na mstari katikati. Alifanya vizuri mno. Mtu asingejua kwamba alijifunza peke yake.

— Hiki hapa. Kesho asubuhi nakimeza.

— Chote?

— Chote. Keshokutwa napumzika. Mtondo nameza kingine.

— Bahasha inasema nusu kila siku.

— Najua inavyosema. Nusu ya leo na nusu ya kesho ni kimoja kwa siku mbili. Kumi na tano kwa mwezi. Wamehesabu leo, hawakukuta kosa. Mama, saa ya siku nane haitiwi ufunguo kila siku. Unaijaza mara moja, inajiendea.

— Hapo kasema kweli! ikatoka sauti ya Redio nje.

— Nyamaza wewe, ikamfuata ya Spana.

Yule mwanamke hakucheka. Alifikiri kidogo kabla ya kujibu, na nikaona baba amependa kwamba alifikiri.

— Saa ina springi, baba. Springi inatunza nguvu, inazitoa kidogo kidogo. Kidonge hiki hakina springi. Ukikijaza chote kwa mara moja, siku hiyo kinakusukuma chini kupita kiasi.

— Nasinzia, akakubali baba.

— Siku ya pili kimekwisha, nguvu zote zimetoka, na presha inapanda haina wa kuizuia. Leo ilikuwa zamu ipi?

— Ya kupumzika.

— Na ndiyo siku waliyokupima.

Alikuwa na uso ule aliokuwa nao zamani akifungua saa ya mteja na kukuta fundi mwingine aliigusa kabla yake. Safari hii fundi mwingine alikuwa ni yeye.

— Sasa nionyeshe ulivyojaribu kukivunja, akasema yule mwanamke.

Mkono wa kulia ukajisogeza chini ya shuka.

— Cha kwanza kiliruka, akasema baba. Sikukiona tena. Cha pili nilikigonga kwa koleo, kikawa unga. Nikaona nitavimaliza vyote kwa kuvipoteza.

— Hukumwomba mtu?

— Nimwombe nani? Sauti ilimpanda. Mimi nimeshika skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, watu wamekaa pale nje wananisubiri, sikuangusha hata moja. Leo nimwite mke wa mwanangu kila kukicha anivunjie kidonge? Kama anavyomvunjia mtoto biskuti?

Nilikuwa nimesimama na bilauri. Niliangalia maji. Baba na mimi huzungumza habari za chai, za mvua na za mtoto. Dawa inagusa mwili wa mtu, na mwili wa baba mkwe mimi sikuona kuwa ni neno langu. Nilikuwa nikikohoa mlangoni na kuondoka haraka, nikaiita ile heshima. Naye alikuwa akinisubiri niondoke ndipo aanze kuhangaika, naye akaiita heshima. Kila mtu alimheshimu mwenzake mpaka presha ikapanda.

— Sikuja kukutafutia mtu wa kukuvunjia, akasema yule mwanamke. Nimekuja na kazi. Ninao wagonjwa wengi wa mkono mmoja. Nataka kifaa cha kukata kidonge nusu kwa nusu. Kifanye kazi kwa mkono wa kushoto peke yake, kisirushe kipande, na wembe wake usiguswe na mtoto. Nani atanitengenezea?

Baba alimtazama.

— Unanibembeleza.

— Nakubembeleza, ndiyo. Lakini kifaa nakitaka kweli.

— Hakitashikwa kwa mkono, akasema baba, kana kwamba anasema na meza. Mkono haupo. Kijishike chenyewe, juu ya ubao mzito. Kidonge kilale kwenye kishimo, kisiende popote. Na wembe uteremke moja kwa moja, kwa mpini. Mpini mrefu kidogo...

— Wa breki! ikaingia sauti ya Spana kwa dirisha. Ninao mpini wa breki, Dakika! Una springi yake!

— Wembe mpya ninao, akasema Kinyozi. Sijaufungua.

— Na mimi je? akauliza Redio.

— Wewe nyamaza tu, itatusaidia.

Baba aliteremsha miguu sakafuni.

— Mama, akaniita. Kibanda kina vumbi?

— Kidogo, baba.

— Kifungue.

Nilikifungua. Kazi ile iliwachukua mpaka magharibi. Baba alikaa kwenye kiti chake cha zamani, lenzi jichoni, mkono wa kulia mapajani bila shuka. Mkono wa kushoto ulikuwa unaelekeza, na Spana alikuwa ndiye mkono wa kulia.

— Kaza. Siyo hivyo! Unakaza gurudumu? Hiki ni kitu cha heshima.

— Dakika, mimi vitu vyangu vyote vina heshima.

— Legeza robo. Robo nimesema. Wewe robo yako ni kubwa kuliko ya watu.

Vidonge havikuwa vya kuchezea, kwa hiyo Kinyozi alitafuta chaki, na Spana alimkumbusha kwamba kwa maneno yake mwenyewe ni kitu kilekile. Kipande cha kwanza kiliruka kikampiga Redio kwenye shavu.

— Nusu shari, akasema Redio akijifuta.

Cha pili kilikatika vibaya, upande mmoja kama mwezi mchanga. Baba alipanua kishimo kwa patasi yake ndogo, kwa mkono wa kushoto, polepole, na hakuna aliyejitolea kumsaidia. Niliona Spana amefunga ngumi mbili ili mikono yake isiende yenyewe. Cha sita kilikatika sawasawa. Baba aliziweka nusu mbili ubavu kwa ubavu, akazitazama kwa lenzi, akasema, "Haya."

Yule mwanamke alikuwa amempigia simu mfamasia wa kliniki. Alituambia kidonge kile kinaruhusiwa kukatwa, baba aanze na nusu kesho asubuhi, na ile iliyobaki iwekwe pakavu kwa siku inayofuata. Atawaomba wamtafutie vidonge vidogo vya kumezwa vizima, lakini hajui vitapatikana lini. Jumatatu atarudi kupima presha. Kisha akapanda baiskeli yake, na Spana akakumbuka kwamba mnyororo bado uko chini.

Habari ilimfikia wifi kabla sijaosha vikombe. Redio aliipeleka mwenyewe, kwa miguu, na nasikia kwa simulizi yake kule, yeye ndiye aliyekuwa ameuliza habari ya ile nusu.

Usiku nilichukua kikopo kimoja cha skrubu kutoka kibandani, nikakiosha kwa maji ya moto, nikakikausha. Nilikibandikia karatasi nikaandika neno moja kwa herufi kubwa, nikalitazama mara mbili kama nimelipatia.

Asubuhi, saa moja, nilipeleka chai na maji kama siku zote. Nilikohoa. Lakini sikuondoka. Niliingia nikaweka kile kifaa mezani mbele ya baba, na pakiti pembeni yake. Nilirudi nikakaa kizingitini, nikampa mgongo, mtoto mapajani, nikaanza kumfunga vifungo vya shati. Nilivifunga vyote vitatu. Nikavifungua. Nikavifunga tena. Nyuma yangu nilisikia pakiti ikibanwa, kisha kimya kirefu, kisha mpini wa breki ukateremka: tak.

Nikasikia anameza maji.

— Mama.

— Abee, baba.

— Nusu hii nyingine niiweke wapi?

Bila kugeuka, nilinyoosha mkono nyuma nikakisukuma kile kikopo sakafuni kuelekea kwake, maandishi yakiwa upande wake: KESHO.